Mashine ya Kupandikiza Miche: Tupige Hesabu Kwanza

Maneno tuliyoyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya wakulima wa mboga



Leo hatukuja kuwafundisha kupanda kabichi. Mnatushinda kwa kupanda kabichi. Tumekuja kwa sababu ya barua. Kikundi kimoja, ambacho wanachama wake wako hapa mbele na wametupa ruhusa tutaje hesabu yao bila kutaja jina lao, kina shilingi 180,000 katika mfuko. Pesa hizo zimekusanywa kidogo kidogo, mchango wa kila mkutano, faini za waliochelewa na riba ya mikopo ya wanachama. Sasa wameletewa karatasi ya bei ya mashine ya kupandikiza miche, na bei ni hiyo hiyo: shilingi 180,000. Kana kwamba mwenye mashine alichungulia kwenye daftari la mweka hazina! Wakatuandikia: tununue au tusinunue?

Tulipoisoma hiyo barua hatukujibu siku hiyo. Tuliketi na kalamu. Na hivi ndivyo tulivyohesabu.

Mashine zenyewe ni zipi

Watu wakisema mashine ya kupandikiza, kila mmoja ana picha yake kichwani, hasa siku hizi ambapo vijana wanaonyeshana kila kitu kwenye simu. Kuna ile kubwa inayofungwa nyuma ya trekta. Watu huketi juu yake, kila mmoja na trei zake za miche, na kudondosha mche mmoja mmoja ndani ya vikombe vinavyozunguka. Kiatu cha chuma kinafungua mfereji, mche unaingia, na magurudumu yanakandamiza udongo. Hiyo tuiache. Ikifika kwenye shamba la robo ekari, haitapata hata mahali pa kugeukia.

Kuna ile ndogo yenye injini ya petroli, mtu anatembea nyuma yake na mwenzake anadondosha miche. Ina midomo ya chuma kama ya bata inayotoboa ardhi na kufunguka ndani yake. Hii ndiyo ya barua yetu. Inafaa kabichi, nyanya, pilipili hoho, mimea inayokaa mbali mbali.

Kuna ya tatu isiyo na injini kabisa, na wanachama wanaolima vitunguu wanaipenda sana. Miche huoteshwa ndani ya vikombe vya karatasi vilivyoshikana kama mnyororo, vikombe 264 kwa trei moja. Mtu mmoja anaivuta mashine, mnyororo unajifungua wenyewe na kuingia ndani ya mfereji, na nyuma yake udongo unafunikwa. Ukiitazama unaona kama mchezo wa watoto. Mpango huo ulitoka Japani, kwa wakulima wa bitiruti za sukari katika kisiwa cha Hokkaido. Huko majira ya baridi ni marefu, theluji inalala shambani kwa miezi, kwa hiyo lazima miche ianzie ndani ya nyumba ya joto ili ipate siku za kutosha. Tunayasema haya ili mkumbuke kwamba ile mashine ilijibu swali la watu wale. Swali letu linaweza kuwa lingine.

Na ya nne ni bomba la mkono. Tutalirudia baadaye.

Hesabu ya kabichi

Ekari moja ni mita mraba 4,047, tuseme 4,000 na kidogo. Ukipanda kabichi kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, inaingia miche kama 15,000. Tulipouliza hapa asubuhi mtu mmoja anapanda miche mingapi kwa siku, wengine walisema 1,500, wengine 2,500, na mzee mmoja akasema 4,000, tukacheka. Tuchukue 2,000. Basi ekari moja ni siku 7 na nusu za kazi, tuite siku 8. Tuseme kibarua ni shilingi 500 kwa siku. Hiyo ni shilingi 4,000 kwa ekari. Kwako ikiwa ni 400 au 600, badilisha wewe mwenyewe. Njia ya kuhesabu ni ile ile.

Sasa tuikubali mashine kwa moyo mweupe. Tuseme inafanya kazi ya siku 8 kwa siku 2. Umeokoa siku 6, shilingi 3,000. Toa petroli na oili, tuseme 500. Akiba ni shilingi 2,500 kwa ekari.

Upande wa pili, mashine inakula hata ikiwa imelala stoo. Ikidumu miaka 6, kila mwaka imekula shilingi 30,000 ya bei yake. Spea na fundi, tuseme 6,000. Na kuna jambo ambalo vikundi vingi husahau: zile shilingi 180,000 hazikuwa zimelala. Mfuko huu unakopesha wanachama kwa asilimia 1 kwa mwezi, yaani 21,600 kwa mwaka. Tukihesabu nusu yake tu, kwa kuwa thamani ya mashine inapungua mwaka hadi mwaka, ni 10,800. Jumla ni shilingi 46,800 kila mwaka.

Gawanya 46,800 kwa 2,500. Unapata ekari 19 hivi. Yaani mpaka mashine ipande karibu ekari 19 za kabichi au nyanya kwa mwaka, haijaleta hata senti moja ya faida. Imejilipa yenyewe tu.

Kikundi kina wanachama 18. Kila mmoja ana nusu ekari ya mboga, misimu miwili. Hizo ni ekari 18, na mwenyekiti alipoona hivyo akatabasamu, akaona tumekaribia. Lakini mama mmoja, ambaye ndiye mweka hazina, akauliza: na vitunguu je? Ni kweli. Nusu ya mashamba yao ni vitunguu, na mashine ya midomo ya bata haiwezi kupanda vitunguu vilivyosongamana vile. Zinabaki ekari 9. Ekari 9 zinaleta akiba ya shilingi 22,500. Pungufu ni 24,300 kwa mwaka, karibu shilingi 1,350 kutoka mfukoni mwa kila mwanachama, kila mwaka, ili tu mashine ya kikundi ipigwe picha.

Na hatujahesabu trei. Mashine haiji peke yake, inakuja na familia yake. Miche ya kitaluni tunayoing'oa ikiwa na mizizi wazi, mirefu na mifupi, haipendi kupita mdomoni mwa mashine. Inataka miche ya trei, yenye urefu mmoja na donge la udongo. Inataka pia shamba lililolainishwa sawasawa, lisilo na mawe wala mabua ya mahindi. Wengi wetu tunalima kwa jembe juu ya mteremko. Basi.

Vitunguu: hapo ndipo penye kazi

Mkulima wa vitunguu ana haki ya kulia. Kwa nafasi ya sentimita 30 kwa 10, ekari moja inameza miche kama 135,000. Mtu akipanda 4,000 kwa siku, ni siku 34 za kazi, shilingi 17,000. Hapa tulifikiri mashine ya mnyororo wa karatasi itashinda, na kusema kweli tulitaka ishinde.

Tuseme inaokoa siku 25 kati ya zile 34. Akiba ni shilingi 12,500 kwa ekari. Vizuri sana. Lakini karatasi inatumika mara moja, inaozea shambani. Miche 135,000 ukigawanya kwa 264 ni trei 511. Karatasi 511 kwa kila ekari, kila msimu. Sasa gawanya akiba yako ya 12,500 kwa 511. Ni shilingi 24 na kidogo. Maana yake ni hii: karatasi moja ikikufikia kijijini kwa zaidi ya shilingi 24, akiba yako imekwisha kabla hujanunua mashine yenyewe. Na karatasi hiyo inavuka bahari. Tuseme kwa bei ya huruma inakufikia kwa shilingi 100. Ekari moja itakula shilingi 51,100 za karatasi ili kuokoa shilingi 12,500 za vibarua.

Kijana mmoja wa kikundi, anayesoma sana, alitukatiza. Alisema ameona wakulima wanaotia mbegu 3 katika kila kikombe, vitunguu vinakua pamoja na kusukumana. Ni kweli, watu hufanya hivyo. Basi tukapiga tena: trei zinashuka hadi 170 au 171. Kwa shilingi 100 ni 17,000. Bado inapita ile akiba, ingawa sasa angalau wanaonana uso kwa uso. Tulimpongeza. Hesabu inapenda mtu anayebishana nayo.

Mbona basi wakulima wadogo wa Marekani wanainunua na kuisifu? Kule mshahara wa chini kabisa wa serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, tangu mwaka 2009, na majimbo mengi yanalipa zaidi ya hapo. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha mwaka 2025 hizo ni zaidi ya shilingi 900. Kwa saa moja! Saa moja ya kule inakaribia siku mbili za kibarua wa mfano wetu. Tena wengi wao huuza mboga moja kwa moja kwa mlaji, bila broka. Mashine ile ile, karatasi ile ile, hesabu nyingine kabisa. Hawajadanganyika, na sisi tusijione washamba kwa kutowafuata.

Kibarua ghali na kibarua asiyepatikana

Hapo mwenyekiti alisema neno ambalo tuliliandika. Alisema: "Shida yetu si bei ya kibarua. Shida ni kwamba wiki mvua inaponyesha, kibarua hayuko, kila mtu anamtaka."

Hilo ni jambo kubwa kuliko yote tuliyohesabu. Upande wa Kieni, ambao uko nyuma ya mlima na mvua yake ni ya kubahatisha, wiki mbili za kuchelewa ni msimu mzima. Mche wa kabichi unataka kutoka kitaluni ukiwa na wiki 4 hadi 6. Ukikaa zaidi unarefuka, shingo inakuwa ngumu, na hata ukishika shambani hautafunga kichwa kizuri. Kwa hiyo mashine inaweza kuwa na faida isiyoonekana kwenye mshahara uliookolewa. Faida hiyo iko katika siku zilizookolewa.

Lakini tuitazame hiyo wiki vizuri. Wanachama 18, mvua moja, mashine moja. Nani wa kwanza? Mwenyekiti? Katibu? Aliyechanga zaidi? Tuliwahi kutembelea kikundi kingine kilichonunua mashine ya kupiga dawa kwa ajili ya wote. Mwaka wa kwanza waligombana, mwaka wa pili hawakusalimiana, mwaka wa tatu mashine ilikuwa imefungiwa nyumbani kwa mtu mmoja na ufunguo haujulikani uko wapi. Kitu kinachotakiwa na watu wote siku moja ni kigumu sana kumilikiwa pamoja.

Wenye maji ya mfereji au ya bwawa wana nafuu, maana wanaweza kupanga zamu: wewe wiki hii, mimi wiki ijayo. Ila mkishaweza kupanga zamu za kitalu hivyo, wale vibarua waliopo wanatosha, na mashine mliyoitaka imekosa kazi. Tena kabichi zenu hazitafika sokoni siku moja kuangushana bei. Katika ekari ya kabichi 15,000, tofauti ya shilingi 5 kwa kichwa ni shilingi 75,000. Kupandikiza kote kulikuwa shilingi 4,000. Na wa vitunguu wanajua vile magari ya kutoka Mang'ola, Tanzania, yakipita Namanga kwa wingi, bei ya Nairobi inavyoshuka. Mwenye ghala kavu la kutunza vitunguu anangoja. Asiye nalo anauza kwa machozi.

Mapengo

Tulizunguka katika mashamba ya kikundi hiki tukihesabu mapengo mistarini. Kila mmoja ajihesabie: chukua mistari mitatu, hesabu mashimo yote, kisha hesabu yaliyo hai. Tuseme asilimia 15 imekufa na haikujazwa kwa wakati. Katika ekari ya kabichi ni vichwa 2,250. Hata kwa shilingi 10 kila kimoja, ni shilingi 22,500. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya gharama yote ya kupandikiza ekari kwa mkono.

Sababu mnazijua. Miche imeng'olewa asubuhi ikapandwa saa saba mchana. Mizizi imekunjwa kwa kuwa kijiti kilitoboa shimo fupi. Kibarua amelipwa kwa mstari, basi anakimbia. Maji hayakuwekwa kitaluni kabla ya kung'oa. Hapa ndipo trei zinapofaa, hata bila mashine yoyote, kwa sababu mche unatoka na udongo wake na mizizi haishtuki. Trei ya vitundu 200 inatumika msimu baada ya msimu ukiitunza. Miche 15,000 ni trei 75. Kwa mfano wa shilingi 150 kila moja, ni shilingi 11,250, na mkizungusha zamu za kitalu, trei hizo hizo zinahudumia watu kadhaa kwa msimu mmoja.

Pesa ya nani inaokolewa?

Hili tulisita kulisema mkutanoni, lakini tulilisema. Kati ya wanachama wale 18, saba huenda kupanda vitunguu kwa mashamba ya wengine ili kulipa karo na kununua unga. Zile shilingi 17,000 za kila ekari, ambazo mwenye shamba anaziona kama hasara, kwao ndiyo msimu wenyewe. Kikundi kikinunua mashine kwa mfuko wa wote, hao saba wamechanga pesa zao ili wasiitwe kazini. Hakuna mtu aliyekuwa amelifikiria hivyo. Kulikuwa na kimya.

Kisha mmoja wa hao saba akasimama, na hakusema tulivyotarajia. Alisema: "Nyinyi mnahesabu shilingi. Mimi nahesabu mgongo. Nikipanda siku tatu mfululizo, ya nne siwezi kuinama hata kuwasha moto. Mnipe kitu cha kunisimamisha wima."

Basi turudi kwa lile bomba la mkono. Ni bomba la urefu wa kiuno na zaidi, chini lina mdomo uliochongoka. Unalichoma ardhini, unadondosha mche kutoka juu, unabana mkono, mdomo unafunguka, mche unabaki. Unakanyaga udongo kidogo kwa mguu na kusonga. Umesimama wakati wote. Fundi wa jua kali mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kulitengeneza akipewa la kuigiza. Linataka mche wa trei. Wa mizizi wazi hukwama. Tuseme linagharimu shilingi 3,000, na siku za ekari ya kabichi zinashuka kutoka 8 hadi 6. Limeokoa 1,000 kwa ekari, limejilipa kwa ekari 3. Vitunguu halivifai, kwa vitunguu, reki ya mbao yenye meno matano ya kuchora mistari yote kwa mvuto mmoja inapunguza kupima-pima kwa kamba, ingawa mgongo bado utainama. Hapo hatuna dawa.

Kikundi kiliamua nini? Hakikuamua siku hiyo, na tulifurahi. Mkutano wa pili walipiga kura kutonunua mashine sasa. Walitoa kiasi cha kununua trei 150 na mabomba manne, na kumlipa yule mama mweka hazina posho ya kusimamia kitalu cha pamoja. Watatu walipinga, na mmoja wao, yule kijana wa mbegu tatu, bado anapinga. Anasema hesabu yetu imechukua kibarua wa shilingi 500, na ndugu zake wote wako Nairobi. Miaka 10 ijayo kibarua atakuwa 1,000 kama atakuwepo. Hatukuwa na jibu la kumshinda. Tulimwambia aweke 1,000 mahali pa 500, aone ekari 19 zinakuwa ngapi.

Alipiga pale pale, nyuma ya daftari la mahudhurio. Akiba inakuwa shilingi 5,500 kwa ekari, na ekari zinashuka hadi 8 na nusu. Kikundi kina 9. Aliinua daftari juu watu wote walione. Tukamwambia asiisahau posho ya trei na mzozo wa wiki ya mvua, akasema hajasahau, na akaomba apewe mistari ishirini katika shamba la kitalu msimu wa mvua za vuli ajaribu, kumi kwa bomba na kumi kwa kijiti, akiwa na saa mkononi. Amepewa. Tarakimu zake tutazileta hapa, na vikundi vingine vyenye saa na kalamu vituletee zao: miche mingapi, watu wangapi, saa ngapi, na mingapi ilikuwa hai baada ya wiki mbili.